Saruji Chini ya Jiwe

Ukimpelekea Fundi redio iliyokufa, hakuifungua. Aliiwasha hivyo hivyo ilivyo, akauma mpini wa bisibisi kwa magego, ncha akaigusisha kwenye kasha la redio, akafumba macho. Mvumo mdogo ambao sikio haliwezi kuupata ulipita kwenye chuma, ukaingia kwenye meno, ukamfika kichwani. "Sikia kwanza," ndivyo alivyowaambia waliokuja kujifunza kazi kwake. "Usifungue kitu ambacho hujakisikia." Kisha alitoa bisibisi mdomoni, akatema ugoro kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa miguuni pake, akakutajia ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Kopo lile, kwa miaka yote niliyoingia kibandani kwake pale Mandewa, mjini Singida, sikuwahi kuona likimwagwa.

Nalitaja kopo mapema kwa sababu watu humkumbuka Fundi kwa usafi. Wanasema ndiye mtu pekee aliyewahi kuufanya umati mzima uokote takataka bila kuwepo askari. Ni kweli, na nitaeleza ilivyokuwa. Lakini ni huyo huyo ambaye meza yake ya kazi ilikuwa na vumbi lililogandana na mafuta, kipande cha muhogo wa juzi, na mende waliohamia ndani ya spika za wateja. Alikuwa na kinyaa kikali na uchafu wa wengine. Uchafu wake aliuita vifaa.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sitaandika. Nataka kueleza jinsi muziki ulivyofika kwenye mawe yetu, na jinsi ulivyooza, kwa sababu huwezi kumweleza mtu huyu bila kueleza hayo.

Kijiji chetu kiko upande wa Ikungi, na kama ilivyo sehemu nyingi za kwetu, nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe makubwa. Moja kati ya hayo, lenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala, halikukaa ardhini. Lilikalia vijiwe vitatu, na ukichutama uliona mwanga wa upande wa pili. Ukiligonga kwa jiwe la ukubwa wa ngumi, lililia kama kengele. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nivumilie kidogo. Kitu hulia pale kinapoachwa huru kutetemeka. Shika glasi kwa kiganja kizima uigonge kwa kijiko, itatoa kishindo kidogo na kunyamaza. Iache isimame peke yake, itaimba. Jiwe letu liliimba kwa sababu lilikuwa karibu haligusi kitu. Bibi zetu walilipiga kufukuza ndege uwele ulipokomaa, na sauti yake ilivuka bonde zima.

Sasa muziki. Familia moja ya wenye duka la vitambaa mjini, Wahindi waliokaa Singida vizazi kadhaa, walikuwa na kijana aliyerudi masomoni na kanda za roki. Kanda moja ikaliwa na redio. Fundi aliikunjua, akaiunga kwa gundi, akaizungusha kwa kalamu mpaka ikarudi ndani, kisha akaipiga ili aijaribu. Nilikuwepo, nimefuata pasi yangu. Magitaa yalinguruma kama mashine ya kusaga iliyokosa grisi, na nikamuuliza kama kanda bado ni mbovu.

"Hapana," alisema bila kucheka. "Hii ndiyo nzima."

Aliisikiliza mara tatu. Kijana mwenye kanda alifika kuichukua, akasubiri, akachoka, akakaa juu ya kreti. Ilipokwisha mara ya tatu Fundi alimrudishia na kusema kwamba huyo mpiga gitaa, popote alipo, anatafuta sauti ya jiwe la kijijini kwetu na bado hajaipata.

Kuanzia hapo akawa mtu mwenye jambo. Alitengeneza mashine ya kukuza sauti kwa mabaki ya redio tano na betri ya gari. Spika yake ilikuwa imechanika, akakataa kuigundisha, kwa kuwa mchaniko ndio ulioleta mngurumo. Mandewa hawakuuvumilia. Jirani mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, alikuja akamwamkia vizuri, akamweleza kwamba akiusikia tena mlio ule atamletea mtoto ambembeleze yeye. Fundi akapakia vyombo kwenye lori lililokuwa likienda kubeba alizeti, akavishusha kijijini, kwenye mawe ya pembeni, ambako hakuna ukuta wa jirani.

Mwaka wa kwanza tulikuwa Fundi, vijana wawili wa kwaya, mpiga dufu mmoja wa msikiti wa barabarani, mimi, na mbuzi waliokimbia. Mwaka uliofuata walikuja vijana kutoka Itigi na gitaa lililofungwa waya za breki za baiskeli, na debe la asali la kutusalimia. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumwalika mtu. Kila mwaka, alizeti ikishavunwa, watu walijua. Shughuli ilianza saa nne asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni, kwa kuwa Fundi hakuziamini nyaya zake gizani. Tukaiita Siku ya Mawe.

Jambo lililoifanya iwe yetu ni hili. Asubuhi, kabla ya wimbo wowote, kila mpiga gitaa alivua viatu na kwenda kwenye lile jiwe. Fundi aliligonga, na mpigaji alikaza au kulegeza uzi wake mnene mpaka ukubaliane na jiwe. Nyuzi nyingine zilifuata huo. Basi siku ile magitaa yote yalikuwa yamekosea ukiyalinganisha na redio, lakini yalipatana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana Fundi hakuruhusu kinanda. Bendi moja ya mjini ilikuja na kinanda kizuri, ikaeleza kwamba sauti zake zimepangwa kiwandani na hazibadilishwi. Fundi aliwapa ugali na kuku, akawaomba wakae chini kama wageni wengine. "Kinanda kinajua kusema tu," aliniambia. "Kusikia hakijui."

Mimi nilijaribu gitaa. Baada ya wiki tatu alininyang'anya. Alisema nina masikio mazuri na mikono mibaya, na akanipa kazi ya kusimama mbali, karibu na barabara, niinue mkono pale uzi wa mtu unapolegea. Kazi hiyo niliipenda na niliifanya vibaya. Kwa tabia yangu mimi ni mtu wa kutia moyo. Mwanafunzi akikosa swali lote humwambia amekaribia. Kulikuwa na vijana wa kwaya waliofanya mazoezi miezi mingi, na nyuzi zao zilipolegea katikati ya wimbo mkono wangu uliona aibu kuinuka. Fundi aliwasikia mwenyewe, akazima mashine. Baadaye alinifuata barabarani, akanikunjia pua.

"Mwalimu, huruma yako inanuka," alisema. "Ungewaambia wangekaza uzi, yangekwisha. Sasa wamechekwa na kijiji kizima."

Ile namna yake ya kukunja pua ilijulikana. Pua ilipanda, mdomo wa juu ukafuata, na jicho la kushoto likajifunga nusu, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta panya. Aliikunja kwa aliyepanda jiwe na viatu. Aliikunja kwa aliyejisaidia nyuma ya mawe wakati choo kipo. Mwaka mmoja aliikunja kwa mgeni rasmi. Mzee yule wa serikalini alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha kitambaa, akamaliza paja la kuku, akautupa mfupa kwenye ufa wa mawe. Fundi akazima. Tulidhani betri imekwisha. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa heshima kabisa, "Mheshimiwa, kuna kitu chako kimedondoka." Ufa ulikuwa mwembamba, na mheshimiwa ilibidi apige magoti na kuingiza mkono mpaka begani. Alipotoka na mfupa, Fundi alimshukuru, akawasha, na hapo ndipo umati mzima ulipoanza kuinama na kuokota kila kilichokuwa chini. Aliyekuja na kitu aliondoka nacho, mfukoni mwa nguo kama hana mfuko wa kubebea. Hiyo ikawa sheria, na ilidumu miaka mingi kuliko nilivyotarajia.

Halafu ikaja kampuni ya vinywaji. Jina lake halina kazi hapa. Walikuja kwa upole, wakaomba kusaidia. Na sisi wa kamati ya kuandaa siku hiyo, nikiwemo mimi, tulikubali kwa furaha, kwa sababu watu walikuwa wengi na mashine ya Fundi haikuwafikia wote. Walileta lori linalofunguka ubavu likawa jukwaa. Walileta spika zilizopangwa kama ghorofa. Walileta pia vichupa vidogo vya plastiki vya pombe kali, vile vinavyoisha kwa mikupuo miwili.

Nitasema nilichokiona, na nisamehewe na anayekula. Vichupa vilijaa kwenye nyufa mpaka mawe yakaonekana yameota meno. Vyakula vya kukaanga viliuzwa kwenye mifuko, na mifuko ikanata kwenye miiba ikipeperuka kama nguo zilizosahaulika. Watu walitapika pale walipokuwa wakikaa bibi zetu. Juu ya mwamba mmoja mpana kuna shimo linalotunza maji ya mvua, na akina mama huchota hapo kiangazi kinapoanza. Nililikuta lina nepi ya mtoto inaelea, imevimba, na pembeni kinyesi cha mtu mzima, kimefunikwa kwa karatasi yenye tangazo la Siku ya Mawe na majina yetu sisi wanakamati. Harufu ya mkojo ilishika miamba, na jua la mchana lilipoipasha ilikuja kama mvuke wa sufuria. Mwaka wa pili walipaka rangi jiwe refu kuliko yote, picha ya chupa. Watu walipiga picha mbele yake.

Wapigaji hawakwenda tena kwenye jiwe. Walikaza nyuzi kwa simu, kwa sababu jukwaani kulikuwa na vinanda viwili. Ni wachache tu, wale wa Itigi na wazee wa kwaya, walioendelea kuvua viatu asubuhi, na Fundi aliwagongea. Aliruhusiwa nyimbo tatu mwanzoni, kabla watu hawajafika.

Unaweza kuuliza kwa nini hakuondoka. Nilimuuliza. Alisema angeondoka kama lile jiwe lingekuwa na miguu.

Mwaka wa tatu wa kampuni, siku chache kabla ya Siku ya Mawe, lori likiwa limeshafika na watu wakitazama mazoezi, vijana kama watano walilipanda lile jiwe la kulia na viatu na kulirukia. Likaanza kuyumba juu ya vijiwe vyake. Chini yake, upande wa bondeni, walikuwa wamekaa akina mama na watoto. Hakuna aliyeumia. Lakini msimamizi wa kampuni alituita kesho yake, akasema wazi kwamba lile jiwe ni hatari, ama livunjwe kwa baruti ama lifungwe lisiyumbe, na tumpe jibu siku hiyo hiyo.

Fundi alisema lifungwe. Alisema atalifunga mwenyewe, kwa kuwa mikono ya wale watu ni michafu. Saruji mifuko miwili, mchanga tukachota pale pale uwanjani, maji nikabeba mimi kwa ndoo. Alilala kifudifudi siku nzima akiisindilia saruji chini ya jiwe kwa mwiko na kwa vidole, kila upenyo, kwa ustadi ule ule aliokuwa nao kwenye waya nyembamba kama nywele, mpaka ule mwanga wa upande wa pili ukazimika. Alikuwa na haraka na alikuwa na hofu. Alikuwa analiokoa.

Nami nilijua. Hili ndilo nimechelewa kulisema. Wiki ile ile nilikuwa nimefundisha kidato cha pili mambo ya sauti, nimeshika glasi kwa kiganja mbele ya darasa zima, nikaigonga, nikawauliza kwa nini imenyamaza. Nilisimama na ndoo yangu, nikamwona anavyoridhika na kazi yake, nikamwambia imekaa vizuri sana.

Saruji ilikauka, na asubuhi ya Siku ya Mawe akaja na kijiwe chake cha kupigia. Wale wa Itigi walikuwa wamevua viatu, wanasubiri. Akagonga. Lilitoa sauti ya gunia la pumba. Akahamia upande mwingine, akagonga. Pumba. Hakukunja pua. Aliwaambia watumie simu, akashuka, akaenda kukaa nyuma ya lori kwenye harufu ya mkojo, na hakutoka huko mpaka watu walipotawanyika.

Tangu hapo hatukuonana kwa muda mrefu. Kibanda cha Mandewa kilifungwa. Nilisikia amerudi kijijini na masikio yamemwishia, jambo ambalo halishangazi kwa mtu aliyekaa mbele ya spika maisha yake yote. Siku ya Mawe ilihamishiwa kwenye uwanja wenye uzio kando ya lami, na jina wamelibeba. Mimi nilibaki nyumbani kwangu Utemini, huko mjini, nikifundisha, na kila nikifika somo la sauti namwachia mwalimu mwenzangu.

Mwaka huu, alizeti ikiwa bado mashambani, nilienda kijijini kwa msiba wa shangazi. Mchana nikapita kwenye mawe. Rangi ya ile chupa inabanduka lakini bado inaonekana. Nikasikia nyundo. Alikuwa amelala kifudifudi pale pale alipolala siku ile, na patasi, anabomoa saruji. Upande wa mashariki alikuwa ameshamaliza, na mwanga unapita. Karibu na uso wake kulikuwa na rundo la vichupa, mifuko iliyooza, na kitu ambacho sikutaka kukitambua. Ile harufu haijaondoka. Nadhani jiwe limeinywa.

Nikamwamkia shikamoo kwa sauti kubwa, sikioni. Akaitikia marahaba, akakaa, akanitazama kana kwamba nilikuwa nimetoka tu kuchota maji nikachelewa kurudi. Hakuniuliza habari za mjini. Aliinuka, akachukua kijiwe cha kupigia, akaligonga jiwe kwa nguvu, akanigeukia.

"Linalia?"

Anakaribia miaka themanini. Viwiko vyake vilikuwa na vidonda, na mkewe alikuwa ameniambia msibani kwamba ni msimu wa pili huu analala juu ya mawe. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, lile ninalowapa watoto wote. Nikaangalia ndoo ya maji iliyokuwa kando yake, kama ile niliyobeba siku ya saruji.

"Halilii, Fundi."

Alinisogelea, hakunipata. Nikarudia sikioni kwake, "Halilii. Ni pumba tupu."

Akatoa bisibisi mfukoni, ile ya zamani, mpini wake una alama za meno kama mahindi yaliyotafunwa. Akaniangalia kwa jicho moja.

"Najua," alisema. "Nimelisikia kwa meno asubuhi. Wamekuja watu sita hapa, na mchungaji, wote wananiambia linalia. Nikawaambia waende zao." Akatema pembeni. "Na wewe siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Nami ningejua, kama ningelisikia kwanza."

Alinipa patasi ndogo, akanionyesha upande wa bondeni ambako saruji bado ilikuwa nzima, akasema yeye anafungua na mimi nisikie, na nikimdanganya hata mara moja nirudi Utemini kwa miguu. Nikavua viatu. Nikalala kwenye ule uchafu na shati langu la msiba.

Tuligonga mpaka jua likahama. Kipande cha ukubwa wa mkate kikaachia, akakivuta nje, akakipasua. Katikati yake, kwenye saruji aliyoisindilia kwa vidole vyake mwenyewe, kulikuwa na kizibo cha chupa na kichungi cha sigara, vimekaa vizuri kabisa. Mchanga tulikuwa tumechota uwanjani, na hatukuuchekecha. Pua ilipanda, mdomo wa juu ukafuata, jicho la kushoto likajifunga nusu. Alikishika kizibo kwa vidole viwili, akakitazama muda mrefu.

Kisha akakitia mfukoni mwake, akachukua kijiwe, akagonga, na akanigeukia.

"Bado," nikamwambia.

Akalala tena.